Kwa Nini Upepo Hushuka Irangwa na Joto

Kabla mlima Irangwa haujapata upande wa mvua na upande wa jua, hewa ilikuwa moja kuuzunguka wote. Ukisimama mashariki, kule bahari iliko, au ukisimama magharibi, kule nyika inakoanzia, ulipata ubaridi uleule na unyevu uleule, wala hapakuwa na mtu wa kumwonea mwenzake wivu kwa ajili ya jua. Sababu yake ilikuwa Upepo. Siku hizo Upepo alikuwa mchukuzi. Alitoka pwani na maji aliyoyachuja chumvi, vibuyu kwa vibuyu, vingine mgongoni, vingine kiunoni, vingine vinaning'inia shingoni, na alipoufikia mlima hakupanda. Aliutazama kutoka chini hadi juu, akatikisa kichwa, akazunguka kwa njia ya bondeni. Alisema mwenyewe kwamba juu kuna baridi na kifua chake ni kibovu.

Sasa fikirini mtu anayezunguka mlima mzima na mzigo unaovuja. Mashariki alivujisha kidogo, kusini akavujisha kidogo, na alipofika magharibi, kwenye kijiji cha Kisewe, alikuwa hoi, akaketi kupumzika. Aliketi hapo siku nenda siku rudi. Wala haikuwa mvua, maana mvua hunyesha ikaisha na watu wakatoka nje. Ulikuwa unyevunyevu tu wa kutwa kucha. Mtama uliota ungali ghalani. Ngozi za kulalia zilifanya ukungu. Watu wa Kisewe walikohoa kwa zamu, na walikuwa wamezoea hivyo hata wakadhani kukohoa ni sehemu ya kuamkiana.

Juu mlimani, kwenye kijiji cha Kilengwe, mambo yalikuwa kinyume. Baridi ilikuwepo ya kutosha na ya kugawa, lakini maji hapakuwa na tone. Wanawake wa Kilengwe walishuka alfajiri na vibuyu vitupu, wakarudi alasiri na vibuyu vilivyojaa, na nusu ya maji waliyoyateka ilikuwa imekwisha kunywewa njiani na waliobeba. Kwa hiyo waliyaheshimu maji kuliko ng'ombe, na walikuwa na desturi ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Yeyote atakayetua kibuyu cha maji mlangoni pako, awe ndugu, awe mgeni, awe mtu mliyenuniana tangu mavuno yaliyopita, haondoki mikono mitupu. Unamtolea kaa la moto mekoni, unamwekea kwenye kigae, akaote njiani. Kibuyu kimoja, kaa moja. Kumnyima moto aliyekuletea maji ilikuwa aibu ya kurithiwa na wajukuu.

Pale Kisewe aliishi mfinyanzi aitwaye Nakiete, mwanamke mfupi mwenye mikono minene na ulimi usiopumzika. Mumewe alikuwa amefariki zamani, akamwachia binti mmoja tu, Namcharo. Wawili hao walicheka kuliko nyumba nyingine yoyote kijijini. Majirani wakisikia kicheko kimeanza, walisogea karibu na ua ili wajue kuna nini, na mara nyingi walikuta hakuna kitu.

Namcharo alikuwa amechumbiwa na Kajiru, kijana wa Kilengwe. Mahari ilikwisha kupelekwa, wazee walikwisha kukubaliana, wala hapakuwa na neno lolote kati ya koo mbili hizo. Kilichobaki kilikuwa chungu. Maana kwa watu wa mlima ule, binti haondoki kwao mpaka mama yake amfinyangie chungu kikubwa cha pombe, na dengelua ya harusi, ile pombe ya miwa, huchachishwa humo na si penginepo. Mama wa bwana harusi hushuka na watu wake, hukigonga kile chungu kwa kifundo cha kidole mara tatu. Kikilia, ni harusi. Kikiwa na ufa, au kikinyamaza, watu hula walichokuja nacho, huagana vizuri, hurudi kwao kungoja miwa ya msimu mwingine.

Nakiete alikuwa amekwisha kufinyanga vyungu vitatu kwa misimu mitatu. Cha kwanza kilipasuka motoni kwa kishindo, mbuzi wakakimbia hadi mtoni. Cha pili kilitoka na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. Cha tatu kilitoka kizima, watu wakaanza kushangilia, lakini mama yake Kajiru alipokigonga kikajibu du, kama mtu anayeamshwa naye hataki. Kosa halikuwa la mikono yake. Chungu kisichokauka hadi ndani hakiwezi kuuvumilia moto, na kwa hewa ile ya Kisewe udongo ungeweza kukaa mwaka mzima bila kukauka. Nakiete alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na kulijua hakukumsaidia kitu.

Baada ya chungu cha tatu, Kajiru alikuja kumsalimia. Alisimama mbali, uso ameugeuzia migomba, kama impasavyo mwanamume mbele ya mamkwe wake.

"Mama, mimi sina haraka," aliiambia migomba. "Ila baba anasema miwa inayokuja ni ya nne. Akifa kabla hajainywa hiyo dengelua, anasema lawama si yake."

"Mwambie baba asife," Nakiete alisema. "Mwambie nimemkataza."

Kajiru alicheka akaenda zake. Lakini jioni ile Namcharo alimwambia mama yake kwa sauti ya upole kwamba basi, asijisumbue tena, yeye atakaa naye hapo siku zote na hatanung'unika. Alisema hivyo akipepeta mtama uliokwisha kuota. Hakucheka, wala mama yake hakucheka. Nakiete alimtazama binti yake na roho ikamuuma sana. Kulipokucha alikanda udongo wa chungu cha nne, na mikono ikiwa bado na udongo hadi viwikoni, akashika njia kwenda kumtafuta Upepo.

Alimkuta amekaa juu ya jiwe kubwa nje ya kijiji, ameegemea vibuyu vyake, anakamua ncha za shuka. Nakiete hakutoa hata salamu, jambo lililomtia haya baadaye.

"Bwana Upepo, wewe una binti?"

"Sina, mama."

"Ndiyo maana." Akamweleza yote: chungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, miwa ya nne, na baba wa watu anayetishia kufa. Aliongea kwa muda mrefu, na Upepo akasikiliza ameinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumweleza lolote. Siku zote watu wakimwona walifunga milango.

"Unadhani napenda?" alisema mwishowe. "Nimebeba maji haya tangu pwani, na katika njia yote hakuna hata mmoja aliyeniambia, karibu, tua hapa. Mzigo usio na mwenyewe nitaupeleka wapi? Nabeba mpaka nachoka, nakaa, unavuja. Basi."

Nakiete alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na sasa hakuwa na wa kugombana naye. Akamwonea huruma. Akamwambia kwamba juu, Kilengwe, kuna wanawake wanaovunjika migongo kila siku kwa kutafuta hicho hicho ambacho yeye hana pa kukitua.

"Juu kuna baridi, mama. Nikipanda kidogo tu naanza kutetemeka."

"Lakini utapewa moto." Akamweleza desturi ya Kilengwe.

Upepo akainua kichwa. "Kibuyu kimoja, kaa moja?"

"Kibuyu kimoja, kaa moja. Hawajawahi kumnyima mtu."

Upepo akageuka kuvitazama vibuyu vyake, taratibu, kimoja kimoja. Nakiete hakuvitazama. Akilini mwake mlikuwa na chungu kimoja tu. Tena Kisewe, mtu hodari kabisa hubeba vibuyu viwili, kimoja kichwani na kimoja mkononi, kwa hiyo aliposema maneno yale aliona makaa mawili, mgeni anaota viganja, anashukuru, anakwenda zake. Lilikuwa kosa la mtu aliyezaliwa Kisewe, na wala halikumpitia akilini.

Siku iliyofuata alikitoa chungu kipya, kibichi bado, akakiweka nje palipo wazi kabisa, kwenye kona ya njia itokayo mlimani, mdomo umeelekea juu ili kisikose hata pumzi moja ya hewa isiyo na maji. Kisha akapanda Kilengwe kumpokea mgeni wake, maana yeye ndiye aliyemwalika na ingekuwa vibaya asiwepo. Mama yake Kajiru alimkaribisha, wakakaa uani, wakatazama mashariki.

Wakamwona anakuja. Aliuanza mlima polepole, amejikunyata, na kila alivyopanda ndivyo alivyozidi kupoa. Kwenye nyumba ya kwanza ya mteremkoni alitua kibuyu, mwenye nyumba akatoka na kaa kwenye kigae. Upepo akaliweka kwenye pindo la shuka, akapanda tena. Akapoa tena. Nyumba ya pili, kibuyu, kaa. Nyumba ya tatu, kibuyu, kaa. Baridi haikumwacha, lakini kila kaa lilimrudishia sehemu ya joto alilopoteza, hata akawa anapoa polepole kuliko alivyoogopa. Alipofika juu meno yalikuwa yanagongana, ila alikuwa amefika, na hakuna siku aliyowahi kufika.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya mtu asiyejua atajibiwa nini.

"Karibu, tua," akasema mama yake Kajiru.

Naam, akatua. Alifungua vya mgongoni, vya kiunoni, vya shingoni, na maji yakamwagika juu ya Kilengwe kama hayakuwa na nia ya kukoma. Wanawake walitoka na kila chombo walichokuwa nacho, na vilipojaa wakatoa mabakuli, na mabakuli yalipojaa wakasimama tu midomo wazi wakinywa. Watoto walivua nguo wakacheza matopeni. Vikongwe waliokuwa hawajatoka ndani tangu mwaka jana walitoka, wakakataa kurudishwa. Mama yake Kajiru peke yake hakuwa na nafasi ya kucheza. Alikuwa akikimbia kati ya meko na mlango, kigae baada ya kigae. Makaa yake yakaisha, akaazima kwa jirani. Ya jirani yakaisha, wakaazima nyumba ya pili.

"Mkwe," alimwambia Nakiete akipita naye mbio, "huyu mgeni wako ana vibuyu vingapi?"

Nakiete akageuka kuvitazama. Hapo ndipo alipovihesabu kwa mara ya kwanza, akakomea njiani.

Hakuna aliyemwambia Upepo kwamba inatosha. Nani angemwambia, mbele ya majirani wote? Kwa hiyo kibuyu cha mwisho kilipotuliwa, shuka la Upepo lilikuwa limejaa makaa hata likawa jekundu. Akanyoosha mgongo. Hakuwahi kusimama bila mzigo tangu azaliwe. Akaruka kidogo, kujaribu, akajikuta mwepesi, akacheka. Kisha akauangalia mteremko wa magharibi, mrefu, wote wa kushuka, akaanza kutembea. Kutembea kukawa kukimbia.

Ninyi mmepika, mnajua kaa la moto linapopulizwa huwaje. Kadiri alivyokimbia ndivyo makaa yalivyowaka, na kadiri yalivyowaka ndivyo alivyofurahi akazidi kukimbia. Hapakuwa na kibuyu cha kumlemea wala tone la kumpooza. Na hapo Nakiete akakumbuka chungu chake kiko wapi. Akajifunga khanga kiunoni akamfuata mbio, mwanamke wa umri wake, akipiga kelele, "Polepole, bwana Upepo, polepole." Nani amsikie?

Alipofika Kisewe hakukitambua kijiji chake. Ngozi zote zilikuwa zimeanikwa. Milango ya maghala ilikuwa wazi. Wazee walikuwa wamekaa nje vifua wazi, wanatazamana kwa mashaka, maana hakuna aliyekuwa akikohoa na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze. Na kwenye kona ya njia chungu cha nne kilikuwa kimekauka upande mmoja kabla ya upande wa pili kupata habari, kimepasuka kutoka mdomoni hadi kitako, kabla hata hakijauona moto.

Namcharo alikuwa amesimama karibu nacho, mikono kichwani. Nakiete akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ufa. Kidole kikatoka na vumbi. Akalitazama lile vumbi likiwa kwenye ngozi yake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka Namcharo akaogopa, kisha Namcharo naye akashikwa na kicheko, majirani wakaanza kusogea karibu kama zamani.

"Kimekauka," Nakiete alisema alipopata pumzi. "Mwanangu, miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza nimeharibikiwa na chungu kwa ukavu. Unyevu umenishinda tangu nizaliwe. Lakini ukavu nitauweza huu. Ukavu unafunikwa."

Udongo usioonja moto haupotei. Alikiponda kile chungu, akakiloweka, akakifinyanga upya. Safari hii alikiweka nyuma ya nyumba, kivulini, akakifunika majani mabichi ya mgomba, na kila Upepo aliposhuka na makaa yake, yeye alifunua kidogo tu, leo bega, kesho tumbo, akikigeuza kwa mikono miwili. Kilikauka pole pole, ndani na nje kwa pamoja. Siku ya kumi na mbili akakichoma.

Mama yake Kajiru alishuka na watu wake, na baba mtu alikuja pia, mzima wa afya, amebeba kata yake ya kunywea tangu nyumbani. Watu wakakizunguka chungu. Mama akagonga mara ya kwanza, na chungu kikalia, ngee, sauti nyembamba ndefu iliyokwenda hadi ng'ambo ya bonde. Akagonga mara ya pili kwa kuwa ndiyo desturi. Mara ya tatu haikusikika, kwa vigelegele.

Harusi ile ilinywewa siku nne. Sitawaficha kwamba ndani ya mwezi mmoja watu wa Kisewe walianza kulalamika tena, wale wale waliokohoa, kwamba sasa jua limezidi na mashamba yanataka maji. Watu wa Kilengwe, ambao sasa walikuwa nayo mengi kuliko vyombo vyao, walisema mkwe hafi kiu sisi tupo. Wakachimba mfereji kutoka juu, wakiufuatisha mgongo wa mlima kwa uangalifu, hadi maji yakafika Kisewe yenyewe kwa miguu yake. Na Kisewe wakapeleka juu vyungu vinavyolia, kila msimu, hadi leo.

Lakini asubuhi ya kwanza baada ya wageni kuondoka, Nakiete aliamka akakuta nyumba kimya. Alikaa mbele ya udongo wake, asiukande. Misimu minne mizima alikuwa amehangaika, amemwendea Upepo, ameshuka mlima mbio, na kumbe alichokuwa akikihangaikia ni binti yake aondoke. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na machozi nayo yalikuwa ya kweli. Akakaa hivyo hadi jua likapanda.

Ndipo hewa ya moto ikamjia kutoka juu, ikamkausha mashavu. Akainua uso. Akakumbuka kwamba Kilengwe, kama ilivyo kwa watu wote wa mlima ule, kazi ya kuchochea meko na kumtolea moto mleta maji ni ya bibi harusi mpya wa nyumba. Makaa haya hakuyatoa mama yake Kajiru. Akakaa kitako vizuri, akaota ule moto kana kwamba yeye na Namcharo wako jiko moja, kisha akavuta udongo akaanza kazi.

Na tangu siku hiyo, Upepo akitoka baharini huupanda Irangwa akitetemeka, akitua maji nyumba kwa nyumba, na ndiyo maana upande wa mashariki una misitu na ukungu na watu wa kuvaa nguo mbili. Wingu utaliona limekaa mgongoni mwa mlima halivuki, maana wanawake wa Kilengwe wanalipokea lote. Kisha Upepo huteremka magharibi bila mzigo, makaa tele, akikimbia, akafika chini na joto kubwa kuliko lile alilotoka nalo pwani. Wapita njia hulalamika, hutafuta kivuli. Mama wa Kisewe aliyemwoza binti yake mlimani halalamiki. Huacha alichokuwa akikifanya, hugeuza uso kuelekea juu, na joto likimgusa husema, "Ameamka. Jiko lake linawaka."